Hodi ya Shimoni

Gari la mgeni liliingia uani kwa Mwavita bila mngurumo, likazimika mbele ya kibaraza. Mgeni alishuka, akaomba mahali pa kulichaji.

"Umeme haujafika huku, baba," Mwavita alimwambia.

"Lakini betri yake imetengenezwa kwa mawe ya mji huu."

"Mawe yaliondoka. Umeme ndio haukuja."

Mgeni akaenda kutafuta jenereta sokoni, Mwavita akabaki na gari. Mumewe, Kabwe, alikuwa mchimbaji wa mawe hayo. Kila asubuhi alipiga hodi kwenye mdomo wa shimo kabla ya kushuka, maana kwa watu huingii kimyakimya. Shimo lilipoporomoka naye akiwa ndani, hakikupatikana hata kiatu cha kuzika.

Mwavita aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa na joto, kama paji la mtu mwenye homa. Mle ndani, chini kabisa, kitu kikagonga taratibu, kikanyamaza, kikagonga tena, kama mtu apigaye hodi.

Alijifunga kanga yake vizuri, akaufungua mlango wa nyumba wazi kabisa.

"Karibu," alisema, akasogea kando kumpisha.