Mawe Sita Chunguni

"Mfungeni vizuri, asije akachungulia!" mashabiki walipiga kelele, na kitambaa kikakazwa machoni pa Mama Vitus mpaka akaona nyota.

Miaka yote timu sita za ligi ya Nyololo ziligawana wachezaji wapya kwa vikaratasi, ofisini, watu wakipiga miayo. Mwaka huu Mrisho, mtangazaji wa ligi, alitaka mashabiki wapagawe: chungu katikati ya uwanja, kila mwenyekiti aje na jiwe la mto lililopakwa rangi ya timu yake, na mtu mwaminifu achomoe moja. Timu yenye jiwe hilo ingemchukua Samwel, mshambuliaji wa Rujewa aliyekuwa gumzo kutoka Mbeya hadi Iringa. Na nani mwaminifu kama Mama Vitus muuza chai, asiye na timu?

Laiti wangejua! Asubuhi ile Sosthenes, mwenye malori na mwenyekiti wa timu ya wapasua mbao, aliketi kibandani kwa mama akaagiza chai.

"Jiwe langu litakuwa na joto, Mama Vitus. Utachomoa hilo."

"Mzee, sema taratibu. Ukuta wangu ni mabanzi matupu, na upande wa pili watu wa timu nyingine wamejaa."

Akacheka. "Mwanao anashuka mlima wa Kitonga leo na lori la mbao zangu. Breki nimezilegeza. Nikishinda, nampigia utingo wake wasimame Ilula, kabla ya mlima. Nisiposhinda, shauri yako."

Alipoondoka, mama alimpigia Vitus mara saba. Simu ilikuwa imezimwa. Na nani angeamini neno la muuza chai mbele ya Sosthenes?

Sasa wenyeviti walikuwa wakipita mmoja mmoja kutumbukiza mawe. Ko! Ko! Mmoja akapuliza vidole, fuu! Baridi ya Nyololo mwezi wa saba si ya mchezo.

Badala ya kumwita mama, Mrisho akaita ngoma. Ngoma ikaisha, akaita kwaya. Uwanja ulirindima kwa furaha, lakini mama alikuwa akihesabu dakika. Jiwe lisije likapoa, Mungu wangu! Gari lisije likapita Ilula! Alimchukia Mrisho na madoido yake kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

"Haya mama, tia mkono! Tuhesabu wote! Kumi! Tisa!"

Mkono ukazama chunguni. Jiwe la kwanza kabisa lilikuwa na joto. Asante Yesu! Akalikamata, machozi yakalowesha kitambaa.

Kidole chake cha mwisho kikagusa jiwe la pili. Nalo lilikuwa na joto.

Akaliachia lile la kwanza, akapapasa la tatu, la nne, la tano, la sita, huku uwanja ukihesabu: tatu, mbili...

Yote sita yalikuwa na joto.