Nywele Zilizolowa

Kabla ya kubisha mlango wa profesa wake, Maren alijimwagia chupa nzima ya maji kichwani. Baridi ya Minnesota ikazigandisha nywele pale pale.

Asubuhi hakwenda kwenye darasa la Kigiriki, lenye wanafunzi wanne tu. Alisingizia mashindano ya kuogelea kwenye chuo cha jirani, ingawa tangu jana alijua yameahirishwa. Akalala zake. Profesa huyo mzee naye akajitolea kumrudilia somo jioni, peke yake, jikoni kwake.

"Ingia, binti, utakufa na baridi." Alimpa taulo na bakuli la supu. "Haya, umeogeleaje?"

"Nimekuwa wa pili."

Barafu ilianza kuyeyuka, matone yakamtambaa Maren shingoni, moja baada ya jingine.

"Darasa lilipokwisha niliendesha gari mpaka huko, nikushangilie," mzee alisema. "Nimekuta bwawa limefungwa."

Maren alikumbatia taulo asijue pa kuuweka uso wake.

Mzee akafungua kitabu, akamsogezea.

"Wenzako wameishia hapa. Jifute kwanza, utalowesha ukurasa."