Besi ya Nikodemo

Harusini Marangu, Nikodemo wa bendi ya ushirika alikuwa ameshazungusha swichi zote za amplifaya, lakini gitaa lake la besi liliendelea kunguruma kama ng'ombe aliyevimbiwa. Bibi harusi alisimama uwanjani amekunja uso. Hakuna aliyecheza.

"Ongeza besi!" mwimbaji alifoka tena.

"Nimeshaongeza mpaka mwisho, bwana!"

Amplifaya ilivyotetemeka, kata ya mbege, pombe ya ndizi, iliyowekwa juu yake ikapinduka, ikammwagikia Nikodemo suruali nzima. Uvumilivu ukamwisha. Kwa hasira akairudisha swichi ya besi mpaka sifuri: kama ni kukosa, basi wakose wote.

Akapiga uzi mmoja. Mngurumo ukakoma; sauti ikatoka safi, nzito, ikafika mpaka migombani.

Bibi harusi akavua viatu.