Ndiva Imesafika

Shikamoo ya Eliufoo haikuitikiwa. Rogathe alimmwagia ndoo nzima ya maji viatuni, kisha akaisukuma ndoo tupu kando kwa mguu.

"Hayo ndiyo unayosema yana dawa. Mbona viatu vyako havijapona?"

Watu wakaegemea majembe yao na kucheka. Ilikuwa siku ya msaragambo, kijiji kizima kimetoka kuzoa tope la ndiva, bwawa lao la kukinga maji ya mlimani kabla ya kuyagawa mashambani. Eliufoo, mtaalamu wa maji kutoka Same, alikuwa amechagua siku hiyohiyo kuwaletea habari mbaya. Maji yao yamekutwa na mabaki ya dawa ya kifafa. Yakipimwa tena na kukutwa nayo, ndiva itafungwa, na maharage ya kiangazi yatakauka yakiwa na maua.

Rogathe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa ndiva. Ilichimbwa na ukoo wa mumewe, na kuifunga ilikuwa sawa na kumvua nguo hadharani.

"Kituo cha afya kiko juu yetu," alisema. "Majitaka yake yanaingia kwenye mfereji wetu. Kakifunge hicho, utuache."

"Ndiyo maana ninajenga chujio pale, mama. Majitaka yatapita kwenye mkaa, na mkaa utaishika dawa."

"Mkaa sisi tunapikia."

Careen, mke wa mwana wa Rogathe, alikuwa akipita na karai la tope. Akauliza kwa upole, "Samahani kaka, dawa si inamezwa? Inafikaje kwenye maji?"

"Haiishii yote mwilini, dada. Nyingine inatoka na mkojo. Hata vyoo vya nyumbani, vikiwa juu ya mfereji kama vyenu..."

"Unasema mimi ndiye ninayekojoa dawa?" Rogathe alimkatiza. "Nyumba yangu haina mgonjwa!" Akawageukia watu. "Mwenye kifafa hapa ni nani? Ajitokeze!"

Hakujitokeza mtu.

"Umeona? Hayupo. Na kama yupo, haki ya Mungu nikimjua nitamtaja mbele ya msaragambo, na maji ya hapa hatayagusa tena."

Careen akajitwika karai lake na kuendelea na kazi. Eliufoo akaondoka na viatu vyake vilivyolowa, bila mtu hata mmoja wa kumsindikiza.

Kuanzia hapo ilikuwa vita. Pikipiki ya mtaalamu ilitolewa upepo. Mawe aliyokusanya kwa ajili ya chujio yalirudishwa korongoni. Mama mmoja aliyempa chai alisemwa hadi akalia, na mafundi aliokuja nao kutoka tambarare wakaitwa wala mkaa. Rogathe alipanda kilima kila alipopata nafasi, si kuangalia kazi, bali kumtukana mtu. Na alimtukana vizuri, hilo lazima tumpe.

Akirudi nyumbani, roho yake ilitulia. Careen alikuwa amechanja kuni, ameshamlisha ng'ombe, amepika makande. Binti huyo wa Usangi alikuwa na kasoro moja tu machoni pa mama mkwe wake: kila mwezi alikuwa anashuka Hedaru, eti kumjulia hali shangazi. Sasa hata hilo alikuwa ameliacha, tena bila kusemwa.

"Shangazi yako hajambo?" Rogathe alimuuliza siku moja.

"Hajambo, mama. Sina haja ya kwenda tena."

Rogathe alifurahi kweli. Hatimaye binti amekuwa mtu wa nyumba hii. Na asubuhi moja, Careen aliposimama na birika mkononi akiukodolea macho ukuta mpaka chai ikamwagika sakafuni, asisikie hata akiitwa, Rogathe alimpokonya birika huku akitabasamu. Mjukuu huyo, alijiambia. Hakumuuliza kitu, maana mambo hayo hayaulizwi mapema.

Eliufoo alileta majibu siku ya kumwagilia. Kwa desturi yao, anayezibua ndiva hupanda peke yake, huingia majini hadi kiunoni na kung'oa kizibo kwa mikono, na wengine wote hungoja chini, kila mmoja kwenye mdomo wa shamba lake. Basi aliwakuta wamejipanga kando ya mfereji mkavu.

"Maji ni safi," alisema. "Dawa haimo tena."

Vigelegele vikapanda hadi kwenye migomba. Rogathe alimsogelea Eliufoo, kidole karibu kimwingie jichoni.

"Nilisema nini? Nilisema ni kituo cha afya! Umekibana na mkaa wako, maji yamesafika. Leo nimempa mkwe wangu heshima ya kuizibua ndiva mwenyewe. Sasa chukua pikipiki yako, tusikuone tena."

Eliufoo hakusogea. Alikuwa ameikunja karatasi ya majibu, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mama, mkaa bado uko kwenye magunia. Chujio halijaanza kazi."

"Basi nani ameyasafisha, wewe na maombi yako?"

Watu wakacheka. Rogathe naye akacheka, akageuka kuutazama mfereji, kisha akautazama tena. Maji yalikuwa hayajafika, na Careen alipanda kuizibua ndiva tangu jua linachomoza.