Mlango wa Mninga

Matofali ya siku hizi yanajua sheria. Kanuni ya ujenzi ikibadilika asubuhi, ukuta unaoikiuka hurudi kuwa tope kabla ya adhuhuri. Nyumba iliyokwisha kuezekwa tu ndiyo haiguswi.

Nasemba alijenga kama majirani zake wote, mdogo mdogo, leo matofali hamsini, mwezi ujao mfuko wa saruji. Kwa miaka tisa alifika kwenye linta, juu ya madirisha, mara tatu, na mara mbili za kwanza kanuni ilibadilika akaanza upya. Leo madirisha yametakiwa kuongezwa shubiri moja, na kuta zote zimelala chini.

"Ungejenga kwa mwezi mmoja, mama, haya yasingekukuta," alisema fundi Lwitiko, akikwangua tope kwenye mwiko.

"Mwezi mmoja? Kwani nimeiba?"

Kilichosimama ni mlango wa mninga peke yake, maana mbao hazijafundishwa sheria. Mama yake Nasemba, aliyetoka kijijini kuja kuiona nyumba, alisimama mbele ya mlango huo akapiga hodi.

"Pita hapo pembeni tu, mama!" Nasemba alimwita.

"Kwa mwanangu siingii kama mwizi."

Nasemba akameza hasira, akaenda kumfungulia. Mninga nao, kama tofali lililosikia kanuni mpya, ukabonyea chini ya vidole vyake kama donge la chapati.