Mshipi wa Manjano

Suweca alikuwa amefika lango la hekalu, asubuhi ya Galungan, sikukuu ya Bali ya kuwapokea mababu, simu ilipotetemeka mkononi. Akasoma mara moja tu. Kaka yake, mpishi kwenye meli ya watalii, alikuwa amefariki alfajiri.

Mbele yake Mama alibeba kichwani mnara wa matunda ya sadaka. Juu kabisa aliweka tufaha, la kumwombea mwanawe huyohuyo wa melini.

"Weka hiyo simu," akasema bila kugeuka. "Mchumba atangoja. Mababu wametoka mbali."

"Nakuja, Mama."

Miguu haikwenda. Aliyefiwa havuki lango lile. Akivuka, anawachafulia wote sala yao. Lakini angeweza kunyamaza mpaka jioni, Mama asali kwanza, afurahi leo tu. Nani angejua?

Mama akainua mguu kupanda ngazi. "We mtoto, umeota mizizi?"

Vidole vya Suweca vilishafika kwenye fundo la mshipi wa manjano, ule ambao hakuna anayeingia hekaluni bila kuufunga. Ukalegea, ukamdondokea miguuni.

Mama akageuka polepole kwa sababu ya mzigo. Akautazama mshipi pale chini, kisha uso wa mwanawe.

Akaurudisha mguu. Kule juu, tufaha likaanza kutikisika.