Mpini wa Winchi

Hamdu alitaka winchi ya kupandishia tanga itupwe. Juzi ilifyatuka, mpini ukarudi kwa kasi ukamvunja vidole viwili. Dada yake, Mize, aliifungua palepale juu ya mashua, akaiosha kwa mafuta ya taa mpaka vimeno vya kuizuia isirudi nyuma, vilivyokuwa vimeganda, vikaanza kucheza.

"Nani kaishindilia grisi hivi?"

"Mimi. Nilitaka idumu."

"Vimeno hivi ni vya oili, Kaka, tena tone tu. Vikinata, havishiki."

Akavitonesha oili, akaifunga winchi, kisha kamba ya tanga akajifunga yeye kiunoni.

"Nipandishe."

Hamdu akazungusha kwa mkono mzima. Winchi ikalia ka-ka-ka, Mize akapanda hadi karibu na ncha ya mlingoti.

"Sasa achia mpini!"

"Mize, we!"

"Achia, nakwambia!"

Huko juu alikuwa keshakunja mikono kifuani.